Kumuaga Selestine Aendaye Kwenye Theluji

Ndugu Katibu Kata wa TANU, ndugu Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Nyamwaga, Baba Paroko, walimu, mabalozi wa nyumba kumi, na ninyi wazee wangu ambao nikianza kuwataja kwa majina jua litatuchwea hapahapa: shikamooni nyote. Vijana, hamjambo. Dada Agustina, itifaki imekuweka mwisho, lakini hotuba hii ni yako, na wewe unajua kwa nini.

Mwenyekiti amenipa nafasi nimuage Selestine kwa niaba ya Idara ya Misitu, akaninong'oneza nisirefushe maneno kwa kuwa chakula kiko tayari. Nimemsikia. Hata mimi pua ninayo. Lakini kijana huyu ameteuliwa na Taifa kwenda Norway kusomea misitu, katika chuo kilekile tulichosoma mimi, Joram Nyangwine, na mjomba wake, marehemu Stanslaus Kisyeri. Tulikwenda wawili, nikarudi peke yangu. Je, nimtakie kijana safari njema, nimpe mkono, nikae nile nyama? Hapana, ndugu zangu, leo mtanivumilia.

Kwanza theluji yenyewe. Hapa kwetu tunaijua mvua ya mawe. Ikija, bati linalia mpaka watu hawasikilizani. Mimi nilidhani theluji ni ndugu yake. Wapi! Theluji huanguka bila sauti. Niliamka asubuhi moja nikafungua dirisha, dunia niliyoiacha jana haipo: njia haipo, uzio haupo, kila kitu kimefunikwa na weupe mmoja, na kimya chake sijakisikia tena mpaka leo. Stanslaus alitoka mlangoni amejifunika blanketi, akatazama, akavua kofia. Mnamkumbuka Stanslaus, hata kanisani ilibidi akumbushwe kuvua kofia.

Wenyeji wa kule hawaiogopi. Wanavaa miguuni mbao ndefu nyembamba, wanaziita ski, na kushuka nazo mlimani kwa mwendo ambao basi la Musoma haliuwezi. Mimi nilianguka na kuanguka, mpaka watoto wakawa wananingoja kila Jumapili waje kupata kicheko chao. Lakini Stanslaus, ambaye hapa ndama aliyekata kamba hakuwahi kumshinda, alizizoea mbao zile upesi mpaka Wanorway wenyewe wakawa wanasimama kumtazama. Nilijivuna, utadhani ninayeteleza ni mimi.

Sasa sikilizeni, na wewe Selestine zaidi. Mlima ule wa kutelezea una mpaka. Kila asubuhi walinzi hupanda kuupima, na penye theluji iliyokaa vibaya huiporomosha wenyewe kwa baruti, watu wakiwa bado wanakunywa chai. Mahali walipokwisha kupapima wanapazungushia bendera nyekundu. Nje ya bendera hizo hakuna aliyepima kitu. Na huko nje ndiko kuzuri! Theluji ya huko haijakanyagwa na mtu, inang'aa mpaka macho yanauma, inakuita kabisa. Mtu asiwadanganye kwamba hatari daima huja na sura mbaya.

Mama zangu mnaoanika wimbi, ulezi wetu huu, mtanielewa upesi kuliko wataalamu. Ukimwaga wimbi juu ya ngozi ya ng'ombe, ukaiinua ngozi upande mmoja polepole, wimbi linatulia. Unainua tena, linatulia. Unainua kidogo tu, hata hujaona kama umeinua, lote linaondoka kwa pamoja. Ndivyo theluji ilivyo. Ya leo imelala juu ya ile ya wiki iliyopita, na katikati pana tabaka legevu lisiloshika. Kwa juu huoni chochote. Akipita mtu mmoja tu, uzito wake unatosha.

Jumapili moja tulikwenda kundi la wanafunzi. Mlinzi mmoja wa mlima, mwanamke wa makamo aitwaye Borghild, alikuwa amekubali kutupeleka nje ya bendera, iwapo tu theluji itaruhusu. Tulipofika mpakani alichimba shimo kwa sepetu mpaka likamfika kiunoni, akatuonyesha matabaka yale, kisha akagonga juu yake kwa kiganja. Tabaka la juu likachomoka zima, likamwangukia mapajani. Akafunga sepetu lake, akasema leo tunarudi.

Basi, ndugu zangu, kilichofuata kilinishangaza kuliko theluji yenyewe. Vijana wale wenye vifua kama milango waligeuza mbao zao, wakarudi. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyecheka, hakuna aliyemchungulia mwenzake usoni ajue nani ameogopa. Walikuwa wameanza kuzungumzia kahawa. Nami nikageuka nao, masikio yakiniwaka kwa haya.

Stanslaus hakugeuka. Aliniambia kwa Kikurya, wenyewe wasielewe: "Joram, mbele ya ngariba sikupepesa jicho. Leo nirudishwe na vumbi jeupe, tena na mwanamke?"

Ni nani kati yetu wanaume tulioketi hapa asiyeyajua maneno hayo? Tumelelewa hivyo. Atakayepepesa jicho siku ile, hata wajukuu zake watakumbushwa. Sisemi mila hiyo ni mbaya. Ndiyo iliyolinda mifugo yetu na nyumba zetu. Lakini iliwekwa kwa ajili ya kisu na kwa ajili ya adui, na mlima si adui wa mtu. Mlima ule hauna hata habari kwamba wewe upo, uwe shujaa, uwe mwoga.

Basi akazivuka bendera, akapanda. Tulimwita mpaka sauti zikatukauka. Alipofika juu, kwenye ubavu wenyewe, alisimama kidogo. Hapo alifanya nini, nitawaambia baadaye. Niacheni kwanza nimalize hili. Mlima ulitoa sauti, wala haikuwa kubwa, kama mzigo unaotuliwa chini. Ufa ukakimbia juu yake kutoka upande huu hadi upande ule, kwa kasi ambayo jicho lilichelewa kuufuata. Kisha ubavu mzima ukaondoka, eneo kubwa kuliko shamba letu lote la kijiji, na wingu jeupe likapanda juu yake likafunika jua. Kabla sijakumbuka kwamba ndani yake yumo mtu, nilistaajabu tu. Ulikuwa ni ukuu ambao sikuumbiwa kuutazama.

Halafu kimya. Nikapiga yowe, nikaanza kukimbilia kule, maana Mkurya huwa halitazami yowe, hulikimbilia, na tunakwenda wote kwa pamoja. Borghild alinikamata mkanda, akanivuta chini. Kama tungeingia wote, theluji iliyobaki juu ingetushukia wote. Alimweka mtu mmoja mahali salama autazame mlima asibandue macho, ndipo wengine wakaingia mmoja mmoja, wakichoma theluji kwa fito ndefu. Walimpata. Tulimchimbua kwa sepetu na kwa mikono. Alikuwa ameshafariki.

Habari ilifika hapa kwa simu ya maandishi, maneno machache tu. Nikiwa bado kule masomoni, mkamtungia wimbo. Mzee Mwikwabe akaupiga kwa nyuzi za litungu lake, na ninyi vijana mmekua nao: Stanslaus hakurudi nyuma, Stanslaus aliingia mlimani uso mbele. Wimbo mtamu. Niliporudi nilimweleza Agustina, dada yake, nilichokiona kwa macho yangu. Akaniomba tumwachie baba yao, mzee Kisyeri, wimbo wake. Mzee yule hakuwa na kaburi la kwenda kulipalilia. Mwanawe alilala ng'ambo, na kwake alibakiwa na wimbo tu. Tukamwachia. Mwaka jana tulimzika, Mungu amrehemu.

Juzi Agustina alikuja kwangu, akanikuta ninaiandika hotuba hii, imejaa sifa na pongezi. Hakukaa hata kwenye kiti. Akasema: "Mwanangu anafunga mizigo huku anauimba ule wimbo. Mwambie yote mbele ya watu, nami nitakuwepo."

Haya, dada. Nasema.

Stanslaus aliposimama pale juu, aligeuza mbao zake. Aligeuka kabla ya sauti, kabla ya ufa, mlima ukiwa bado umetulia. Nadhani aliusikia chini ya miguu yake, jinsi mfugaji anavyojua ng'ombe ataumwa kabla hajaumwa. Alikuwa ameshaanza kuja upande wetu, mkono mmoja ameuinua juu, kama mtu anayesema haya basi, mmeshinda. Alikuwa anarudi.

Wazee wangu, nawaona mmeinama. Mimi sioni aibu hapo, naona ajabu. Kijana jasiri kuliko wote niliowahi kuwajua, aliyesimama imara mbele ya kisu, aliweza pia kugeuka mbele ya watu, na mimi nawaambia lile la pili lilimgharimu zaidi. Alichelewa kidogo tu. Angegeuka penye bendera, leo hotuba hii angeitoa yeye, nami ningekuwa nimeshafika kwenye sufuria.

Selestine, mura, kijana wetu, simama. Usicheke, sitanii. Unauona mlingoti ule wa bendera mbele ya ofisi ya kijiji? Tembea kuuendea, uso mbele, mwendo wa kiume. Kabla hujaufikia, geuka, urudi hapa. Mbele ya wazee hawa, mbele ya vijana wa rika lako, mbele ya wasichana wale ambao tangu asubuhi unawatazama kwa jicho la pembeni. Haya, nenda.

Anakwenda. Mtazameni. Sasa amesimama. Mnaona ilivyo kazi? Hapa ni kwenye nyasi kavu, penye watu wanaompenda, na bado miguu inakataa. Tumpe nafasi. Mwachieni, Mwenyekiti, chakula hakitakimbia.

Ameupa mgongo mlingoti. Anarudi.

Kuna aliyecheka? Hakuna. Na kigelegele hicho mlichokisikia ni cha mama yake. Dada zangu, msimwache peke yake, mwitikieni.

Njoo, mwanangu, simama hapa karibu nami. Umeshafanya mara moja na kijiji kizima kimekuona, na hakuna mtu wa kule wala wa huku atakayekuambia kwamba hujui kurudi. Nenda ukasome miti, utuletee elimu, na ukifika kwenye bendera nyekundu umkumbuke mjomba wako akiwa ameinua mkono.

Ndugu viongozi, wazee, wananchi wenzangu, mmenipa masikio yenu wakati matumbo yenu yanadai haki yake. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Kilichobaki ni kimoja. Mzee Mwikwabe, chukua litungu, utuimbie wimbo wetu uleule, ila mwisho wake leo uwe hivi: Stanslaus alikuwa anarudi nyumbani.