Wasifu wa Gosse Hylkema, Mlinzi wa Daraja na Mfungua Vitasa

Ninayesoma ni bintiye, Hiske. Wasifu huandikwa kwa kumtaja mtu kwa mbali, nami nitajitaja hivyo hivyo, kwa sababu kwa namna nyingine sitaweza kumaliza. Tangu Ijumaa wengi mmeniuliza kuhusu mlango. Nitafika kwenye mlango.

Marehemu Gosse Hylkema alizaliwa tarehe 3 Februari 1951 hapa kijijini Aldegea, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kanisa hili, mtoto wa pili wa Hylke na Fardau. Baba yake alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa watu. Mama yake alisema mtoto huyu hakulia kwa njaa wala baridi, alilia kwa kabati lililofungwa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha akaenda shule ya ufundi mjini Sneek, akahitimu ufundi wa vyuma mwaka 1967. Cheti chake kina alama nzuri katika kila somo isipokuwa kuimba. Wanaomkumbuka hapa kanisani wanajua kwamba mwalimu hakumwonea.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa mlinzi wa daraja la kuinuka kwenye mfereji wetu, kazi aliyoifanya miaka arobaini na mitatu. Boti ikija, anainua daraja, ikipita, anashusha. Wenye magari walimtukana kwa kuwachelewesha na wenye boti walimtukana kwa kuwachelewesha, naye aliwapungia mkono wote. Wakati wa baridi mfereji ukiganda hakuna kilichopita. Hapo ndipo alipoanza, ndani ya kibanda chake, kufungua makufuli ya zamani kwa vijiti vyembamba vya chuma alivyovinoa mwenyewe. Hakuwa na haja ya kilichofungwa. Kufuli likishafunguka alilifunga na kuanza tena.

Alikutana na mkewe, Sytske, mwezi Mei 1974, nje ya duka la mikate. Sytske alikuwa amepoteza ufunguo wa baiskeli yake. Mtu mwingine angefungua upesi ili apate sifa. Gosse alishika vijiti mkononi, akauliza, "Nitajuaje kama baiskeli ni yako?"

"Kwani nina sura ya mwizi?"

"Mwizi hana sura, dada."

Sytske alirudi dukani akamleta mwenye duka aje kushuhudia kwamba baiskeli ni yake, na ndipo kufuli likafunguliwa. Alisimulia kisa hicho kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mumewe, na kila mwaka alikimalizia kwa kusema angalikwenda kwa miguu angalipata mume wa kawaida. Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1976. Walijaliwa mtoto mmoja. Sytske alitangulia mbele ya haki mwaka 2015, na amelala hatua mbili kutoka shimo tulilolichimba leo.

Mwaka 1999 marehemu alijiunga na klabu ya wafungua vitasa, inayokutana kila Jumatano kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja, katika mji wa manispaa jirani. Wanaklabu wamekaa safu ya tatu, wale wenye kucha nyeusi. Klabu ina sheria mbili tu: usifungue kitasa kisicho chako, na usifungue kitasa kinachotumika. Marehemu alimfundisha bintiye sheria hizo kabla ya kumfundisha kushika kijiti.

Ana kisa kimoja na polisi, na ni vema kikasemwa hapa kwa usahihi maana kimezungushwa sana kijijini. Jumatano moja ya Oktoba 2008 alikuwa akirudi kutoka klabu kwa baiskeli. Alisimamishwa kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa imekufa. Askari, kijana mpole, aliona kitambaa cha jikoni kilichoviringishwa kwenye mkoba, akakifungua, akakuta vijiti kumi na kimoja.

"Hivi vya nini, mzee?"

"Vya kufungulia vitasa."

"Vitasa vya nani?"

"Vyangu."

"Funguo huna?"

"Funguo ninazo."

Askari alikiviringisha tena kitambaa. "Mzee, nikiandika hivyo nitachekwa kituoni. Lakini vijiti vinabaki."

Katika manispaa yetu sheria ndogo inakataza kubeba barabarani vyombo vya kuvunjia, isipokuwa uonyeshe kwamba si vya wizi. Katika manispaa ya klabu hakuna kifungu hicho. Kwa hiyo mtu yule yule, na mkoba ule ule, alikuwa mwanachama upande mmoja wa mfereji na mshukiwa upande wa pili. Vijiti vilirudishwa baada ya wiki tatu, pamoja na barua ya heshima. Lakini marehemu aliona aibu, na aibu ile haikumtoka. Alisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na yeye hatakatwa mara ya pili. Tangu hapo vijiti vilitoka nyumbani Jumatano tu, ndani ya sanduku lililofungwa, na barua ya klabu juu yake. Bintiye naye aliapishwa jikoni kutovibeba siku nyingine.

"Hata kwenye gari, Baba?"

"Hata kwenye gari."

"Na nikija kwako?"

"Kwangu uje kufungua nini? Ufunguo unao."

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Alipandikizwa vibomba viwili kwenye mishipa, akakatazwa chumvi na ngazi, akahamia chumba cha ghorofa ya tatu chenye lifti. Hakukatazwa vitasa. Alikuwa na mazoea ya kubadilisha kitasa cha mlango wake kila baada ya miezi michache, aone kipya kinavyokaa, kisha ampe bintiye ufunguo. Bintiye alikuwa na funguo nne kwenye mnyororo.

Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, bintiye alifika na supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Hakuna ufunguo uliozunguka. Marehemu alikuwa amebadilisha kitasa Jumanne, akaweka kimoja cha mkusanyiko wake, na hakuwa amesema. Kilikuwa kitasa kigumu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kilimchukua miaka miwili kukifungua kwa vijiti. Bintiye alikifungua klabuni mwezi Aprili kwa dakika sita, na safu ya tatu ilimpigia makofi.

Bintiye aliinua kifuniko cha tundu la barua mlangoni, akachungulia. Marehemu alikuwa amelala sakafuni, hawezi kuinuka.

"Nimepiga simu, Baba. Wanakuja."

"Umekuja na vijiti?"

"Viko nyumbani. Si ulinikataza?"

"Ndiyo. Nilikukataza." Kisha akauliza, "Supu ya nini?"

"Njegere."

"Usiimwage."

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika nane, wahudumu wakasimama mlangoni pamoja naye. Zimamoto walifika baada ya dakika kumi na tisa. Kabla hawajafika marehemu alisema, "Kitasa kizuri hicho, eh?" Bintiye akajibu, "Kizuri sana, Baba." Marehemu hakusema tena. Mbao za mlango zilivunjika. Kitasa hakikufunguka. Marehemu alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe 10, saa sita mchana. Daktari alisema huenda dakika zile zisingebadilisha kitu. Alisema huenda. Wengine mmeniambia kazi ya Mungu haina makosa. Ahsanteni.

Ameacha binti, Hiske, mkwe, Rinse, mjukuu, Jildou, dada yake, Geeske, na makufuli mia mbili na sita, ambayo klabu itayachukua.

Kitasa cha mlangoni hakimo katika hesabu hiyo. Fundi aliyetengeneza mlango alinipa kikiwa bado kimefungwa. Jumatatu niliketi mezani nikakifungua. Dakika nne.

Sijisikii kitu, na ninaomba msinitafutie cha kusema. Leo ni Jumatano. Nimetoka kwangu mpaka hapa, kilomita kumi na nne, manispaa mbili, bila sanduku na bila barua. Baba, vijiti ninavyo, viko mfukoni. Pumzika kwa amani.