Zamu ya Kuita

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu lina miguu minne, mmoja wa kupachikwa, na wakaaji wa kudumu watatu. Mwenye kibanda anaitwa Gundi, kwa kazi yake na kwa kuwa akishika neno haliachii. Wa pili ni Breki, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kejeli, maana akianza kusema hasimami. Wa tatu ni Waya, mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha kompyuta cha chuo. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa, na Waya alikuwa na jarida mkononi, amelikunja na kulikunjua mpaka limelegea.

Lilikuwa jarida la chama chake Waya, chama cha wataalamu waliojitolea kuzishawishi nchi ziunganishe kompyuta zao, tangu enzi ambazo wakubwa waliwauliza kompyuta ya hapa ina shida gani na ya kule. Chama kiliwapanga wanachama wawili wawili, kila mmoja na nchi yake, wajaribu laini kila Alhamisi saa nne asubuhi. Mmoja anaita, mwenzake anajibu. Laini ilikuwa nyembamba; wakiita wote kwa pamoja inakwama. Kwa hiyo walipokezana zamu mwezi kwa mwezi, na asiye na zamu hagusi kitu.

Mwenzake Waya alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kumtia machoni. Baada ya jaribio ilibaki nafasi ya mistari mitatu, na katika mistari hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, wawili hao walijuana. Kisha mwanamke akanyamaza. Ulikuwa mwaka aliozaliwa binti wa mwisho wa dada yake Waya. Leo binti huyo naye ni mama. Mwisho wa mwaka huo chama kilisitisha majaribio, kwa kuwa nchi zilikwisha kuunganika, na anwani za zamani zikafa.

Sasa jarida limetoa orodha ya wanachama wa siku zile walio hai, na yule mwanamke yumo, pamoja na anwani yake mpya. Gundi alitaka Waya aandike leo hii. Waya alikataa: mtu akinyamaza, ameshasema.

— Haya, kilichomnyamazisha ni nini? Gundi akauliza.

Breki alisema ni mume. Mke anajipamba kila Alhamisi kwenda kuongea na kompyuta, mume gani atavumilia? Gundi akasema hapana, ni ule waya wa chini ya bahari. Samaki waliukata, waliotumwa kuuunga wakauunga na nchi nyingine, na huko yuko mzee anapokea salamu zisizo zake hadi leo na anazijibu. Breki hakukubali kushindwa. Akasema huenda mwanamke mwenyewe hakuwapo kabisa.

— Ilikuwa mashine ile, ndugu yangu. Umelilia jokofu.

Gundi alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Waya hakucheka.

— Mashine haikuulizi kama mama amekula leo.

Gundi akaiokota sindano. Yeye na Breki walimjua marehemu mama yake, na walijua alivyolala kitandani miaka. Habari za ugonjwa ule Waya alimwambia kwanza yule mwanamke, kabla ya kaka zake.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mteja mgeni, mama mmoja mwenye mguu mmoja mtupu, akingoja kisigino cha kiatu chake kigongwe.

— Samahani, baba. Aliponyamaza, zamu ya kuita ilikuwa ya nani?

— Yake, Waya akajibu upesi.

Kisha, kwa kuwa hapendi jambo lielezwe nusu, akaeleza. Mwezi wa tano aliita yeye mwanamke. Wa sita ulikuwa wa Waya, lakini chumba kilihamishiwa jengo jipya na mashine zikazimwa mwezi mzima. Wa saba akakaa kwenye kiti, hakugusa kitu, akangoja aitwe; hakuitwa, naye kwa uchungu hakuita tena.

— Kumbe ule wa sita wewe uliuhesabu, mama akasema. Na yeye je?

Waya akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Kama mwanamke naye aliuhesabu, basi ndiye aliyenyamaza. Kama kwake mwezi usio na mwito si zamu, basi wa saba ulikuwa wa Waya. Kanuni za chama hazikusema.  Gundi alivuta uzi taratibu.

Miaka ishirini na minne Waya alikuwa akimwona mwanamke yule mawazoni akimpa mgongo, akiondoka. Hakuwahi kumwona ameketi mbele ya kompyuta yake, mikono mapajani, saa nne imefika, anatii kanuni.

Akalifungua jarida penye anwani ile, akainuka.

— Hujamaliza kahawa, bwana, Breki akasema.

— Malizeni ninyi. Mimi nimechelewa.