Historia ya Thaddeus Gadsden, Mpiga Ngoma Aliyegeukia Ukuta

Mchungaji, mashemasi, wifi yangu Claudette pamoja na watoto, ndugu na majirani, na ninyi wenzetu wa klabu mliojibana viti vya nyuma kana kwamba hapa si kwenu, mimi ni Ernestine Gadsden, dada pekee wa marehemu, na familia imenituma nisome historia ya kaka yangu, tena wameniomba niisome kwa ufupi, lakini mliomjua mnajua kwamba Thaddeus hakuwahi kupiga wimbo wa dakika tatu maishani mwake, kwa hiyo mtanivumilia.

Thaddeus Leroy Gadsden alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 huko Orangeburg, Karolina Kusini, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu shemasi Ezra Gadsden na marehemu Lottie Mae, na mwezi Agosti 1951 wazazi wetu walihamia hapa Filadelfia, yeye akiwa na miaka saba na mimi nikiwa nimepakatwa, wakapanga vyumba viwili Mtaa wa Diamond, ambapo tuliishi hadi wote wawili walipofariki.

Alianza shule ya msingi Septemba 1951 na kumaliza sekondari Juni 1962, na katika miaka hiyo yote ripoti zake zilikuja na maneno yaleyale, kwamba mtoto huyu ana akili ila anagonga dawati, hata mama akawa anaficha vijiko, mpaka shemasi baba alipomkabidhi ngoma za kanisa hili, pale kulia kwa mimbari, akamwambia, "Kama lazima ugonge, basi mgongee Mungu." Baba alipofariki mwaka 1966, Thaddeus alichukua pochi ya ngozi ya baba, akaibandika kwa plasta juu ya ngoma ndogo, nayo ikaipa ile ngoma sauti nzito, kavu, ya karibu, sauti ambayo hakuna mpiga ngoma mwingine mjini aliyekuwa nayo.

Alifanya kazi katika kiwanda cha kofia kuanzia 1962 hadi 1967, kisha akaajiriwa kupiga ngoma studio, akaenda na pochi ile, na kwa miaka kumi na minne alipiga katika santuri ambazo ninyi mmezicheza harusini, jikoni na barabarani bila kujua jina lake, kwa sababu majina yaliyoandikwa kwenye jalada yalikuwa ya waimbaji. Tarehe 21 Juni 1969 alifunga ndoa na Claudette Broadnax katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Renita aliyezaliwa tarehe 4 Septemba 1970 na Lamar aliyezaliwa tarehe 17 Mei 1974, na aliwapenda, jamani, aliwapenda mpaka inaudhi, mtu wa kukatiza mazungumzo ya wakubwa ili akuonyeshe jino la mtoto lililong'oka.

Sasa nifike kwenye klabu ya Marabel, maana nimeambiwa niipite, nami siipiti. Ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la fanicha, Barabara ya Germantown, ikifunguliwa Jumapili saa kumi na moja jioni, baada ya ibada, na kufungwa saa tatu kwa sababu sote tulikuwa na kazi Jumatatu, na wengi wenu mlitoka kwenye benchi hizi mkaenda kule na nguo zilezile, msinitazame hivyo. Tulimwaga poda sakafuni ili viatu viteleze, tukacheza disko, lile disko letu la fidla na tarumbeta, la mwanamke kulia kwa dakika nane kwamba ameachwa na bado anaishi, na chini yake palikuwa na mtu anayepiga ngoma kwa mikono na miguu yake, na mara nyingi mtu huyo alikuwa kaka yangu, amekaa mezani na soda yake, anajisikiliza, anatabasamu.

Pale Marabel tulikuwa na sheria yetu. Santuri mpya ikipigwa na usipoipenda, unatoka sakafuni, unaenda ukutani, unageuza uso, unampa dijei mgongo, nayo inajaribiwa Jumapili tatu mfululizo, siku ya tatu ikifukuza watu wote inatupwa, haipigwi tena, lakini akibaki hata mtu mmoja anacheza, imeokoka. Dijei wetu Cleophus Wynn, ambaye yupo hapa leo, aliiheshimu sheria hiyo kuliko sheria za jiji.

Tarehe 13 Machi 1983 Cleo aliweka santuri isiyo na fidla, isiyo na mwimbaji, sauti za mashine tupu na mtu anayeongea kama roboti, na ngoma zisizochelewa wala kuwahi, na nusu ya watu wakaenda ukutani siku hiyohiyo. Dada Verdell, Mungu amlaze pema, alipaza sauti, "Huu si muziki, hii ni friji ya mama mkwe wangu inaomba fundi!" Mtu akamuuliza, "Na mbona kiuno kinatikisika?" Naye akajibu, "Kiuno changu hakina adabu, lakini mimi nimeshasema." Na hivyo ndivyo tulivyokuwa sote, kichwa kinakataa, mwili umeshakubali, tunaona aibu kama watu waliokutwa wanakula kwa jirani wakati mama yao amepika.

Thaddeus hakuwepo Jumapili hiyo, alikuwa kazini, kwa maana studio ilikuwa imeacha kumwita tangu Februari 1982, na alikuwa akisafisha mabasi ya jiji gereji. Alisimuliwa tu, naye akahukumu kabla ya kusikia, akampigia Cleo simu, "Unaleta mashine itunyang'anye chakula?" Cleo akamwambia, "Kaka, hata santuri inazungushwa na mashine, mbona huko hulii?" Thaddeus akasema, "Inamzungusha mtu. Hapo kwako ndani kuna mtu? Hamna mtu."

Jumapili ya pili, tarehe 20 Machi, alikuja mwenyewe, na wimbo ulipoanza alikwenda moja kwa moja ukutani, akasimama karibu na spika, kisha nikamwona ameweka kiganja juu ya spika ile, akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha, uso umemshuka, na mimi, kwa ujinga wangu, nikajisemea kwamba kaka yangu ana wivu. Wiki nzima iliyofuata alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba watu waende ukutani, nao wakamkubalia, si kwa sababu waliuchukia ule wimbo, wengi walishaanza kuupenda, bali kwa heshima yake na kwa huruma ya kazi iliyompotea.

Jumamosi jioni alikuja kwangu. Akaniambia, "Erna, kesho usiniangushe." Nikamjibu, "Mimi nani wa kukuangusha wewe?" Akasema, "Wewe miguu yako haina bosi." Tukacheka, kisha akaacha kucheka, akasema, "Wewe nenda ukutani tu, mdogo wangu. Kuna jambo nitakueleza baadaye, sasa hivi siliwezi." Nikamwahidi, kwa mdomo huu huu.

Tarehe 27 Machi 1983, Jumapili ya Matawi, Cleo aliuweka ule wimbo, na sakafu yote ikaenda ukutani, watu sitini na zaidi, migongo mitupu, kaka yangu katikati yao, mimi kulia kwake, na kilichosikika mbali na ule wimbo ni visigino, maana hata waliogeukia ukuta walikuwa wanagonga. Hakuna aliyenisukuma, sikuwa nimelewa, nilikuwa na miaka thelathini na mbili na akili zangu timamu, lakini ile ngoma ndogo ilipoingia, ikarudi, ikaingia tena, nilitoka ukutani nikaenda katikati ya sakafu nikacheza peke yangu, nikacheza kama sijawahi kucheza, na mtu mmoja akageuka, kisha wa pili, na kabla wimbo haujaisha ukuta ulikuwa na mtu mmoja tu. Akachukua kofia yake. Alipopita karibu nami alisema, "Cheza, Erna. Cheza tu."

Santuri iliokoka kwa miguu yangu, na Thaddeus hakukanyaga Marabel tena, na katika miaka mitatu na miezi saba iliyofuata mimi na kaka yangu tulipeana salamu za kwenye ngazi, habari, nzuri, basi, hata mama alipofariki mwaka 1985 tulisimama pande mbili za jeneza. Marabel ilifungwa mwaka huohuo, wachezaji wetu tisa tukiwa tumeshawazika, wengi wao kwa ugonjwa ule ambao familia zao hazikutaka tuutaje kwenye historia kama hii.

Novemba 1984 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu ambalo lilikuwa limeshaharibu figo zote mbili, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na Claudette anasema aliwahi kumwambia muuguzi, "Hata hii nayo inanipigia, mimi kazi yangu kusikiliza." Aliendelea na kazi gereji mpaka Agosti mwaka huu, nguvu zikaisha, na Jumamosi tarehe 8 Novemba 1986 wifi alinipigia simu akasema, "Wifi, njoo, na ugomvi wenu uache mlangoni."

Nilifika hospitali kesho yake. Ndipo aliponieleza lile jambo. Kwamba tarehe 9 Juni 1981 mtayarishaji mmoja, ambaye jina lake sitalitamka kanisani, alimwita studio kwa siku moja, akamwambia asipige wimbo wowote, agonge tu kila ngoma peke yake, ngoma kubwa, nyamaza, ngoma ndogo, nyamaza, matoazi, nyamaza, mara mia, naye akadhani wanapima maikrofoni, akatia sahihi karatasi bila kuisoma, akarudi nyumbani akimcheka yule mtu kwamba amemlipa fundi agonge kama anayebisha hodi. Kumbe walikuwa wanarekodi kila pigo ili mashine ije ilipige yenyewe, wanaitia mikono yake ndani ya mashine. Siku ile alipoweka kiganja kwenye spika, alikuwa ameisikia pochi ya baba.

Akaniambia, "Nilimwambia Cleo ndani hamna mtu. Kumbe mtu mwenyewe ni mimi. Wananipiga, Erna, kila mtu ananipiga, na mimi nasafisha mabasi." Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile, watu wangemuunga mkono, akasema, "Niseme nini? Kwamba nimejifukuza kazi mwenyewe?"

Nikamwambia, "Kaka, nisamehe. Nilicheza." Akasema, "Nilikuona. Ulicheza vizuri kuliko siku zote nilizopiga mwenyewe. Ndicho kilichoniuma." Nikamwuliza, "Kwa hiyo umenisamehe?" Akasema, "Niache kwanza, nimechoka." Nilirudi Jumatatu, nikarudi Jumanne na Jumatano, hakuwa na uwezo wa kuzungumza tena, na Alhamisi tarehe 13 Novemba 1986, saa nne na dakika arobaini asubuhi, alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mkewe amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

Tangu asubuhi mnaniuliza kwa nini kinanda kimefunikwa na ngoma zimetolewa, na kwa nini mtoto wa kanisa hili anazikwa bila wimbo hata mmoja, na najua mchungaji amekubali kwa shingo upande, lakini hayo ni maagizo yake mwenyewe kwa Claudette, wala hatujayaongezea chumvi: "Msipige kitu. Mkono wangu uko huko nje unafanyia kazi watu nisiowajua, siku hiyo moja mwacheni mtu apumzike." Cleo, ulilia jana jikoni kwangu, nami nakuambia mbele ya watu, hukujua, na mimi pia sikujua, ila wewe hukuahidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili bila kuchoka na ulimi wake, inawashukuru wenzake wa gereji waliomshikia zamu siku za mashine, majirani wa Mtaa wa Diamond mlioleta kuku, makaroni na viazi vitamu mpaka tukakosa pa kuviweka, wapiga muziki wenzake wawili waliosalia, na ninyi wa Marabel, sogeeni mbele, tafadhali, nafasi ipo. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na dada mmoja.

Nilishauriwa nimalizie kwa kusema kwamba aliondoka akiwa na amani na kila mtu, lakini siwezi kusema uongo na yeye amelala hapa, sijui kama alinisamehe, na sasa hakuna wa kumwuliza. Ninalojua ni hili, Thaddeus, kwamba ule muziki niliupenda, naupenda mpaka leo, na siku zote nilidhani nimekusaliti kwa ajili ya mashine, kumbe mpigo niliokuwa naufuata ulikuwa wako. Wiki iliyopita niliusikia kwenye redio ya duka la nyama, watu wanatikisa mabega kwenye foleni, wewe uko mochwari, chumba cha baridi.

Pumzika kwa amani, kaka, wewe uliyelala hapa. Mkono wako, sijui utapumzika lini.