Ubao wa Asumini na Herufi Nne za Mwisho

Mjini Goma kuna bunge la kusimama, watu wanaojadili nchi kando ya barabara mpaka miguu inavimba. Letu linakaa. Liko Katindo, kwenye benchi la mbao lililolazwa juu ya mawe mawili meusi ya volkano, mbele ya jiko la Asumini, mwanamke wa ukoo wa Kasongo anayekaanga kahawa yake mwenyewe, akaitwanga na tangawizi, akaimimina bila kukuuliza kama umekuja kunywa au kusema. Wajumbe wa kudumu ni watatu. Papa Kataliko, mfanyabiashara wa Butembo aliyevuka mipaka mingi kuliko watoto aliobatiza padri wake, hapa anaitwa Duane, yaani forodha. Onésime, mwenye diploma ya chuo kikuu ambayo mpaka leo haijampatia kazi, ni Lisansi, kwa jina la diploma hiyo. Jumaine, fundi wa simu, ni Batri. Asubuhi hiyo alikuwepo pia Baharanyi, mchoraji wa vibao, amepiga magoti mbele ya ubao mweupe. Alikwisha kuandika KAHAWA YA ASUMINI kwa rangi nyekundu, na chini yake, kwa herufi ndogo, mwanzo wa anwani ya mtandao: asumini, halafu nukta. Akachovya brashi ili aendelee. Hapo Duane akakohoa.

– Simama kwanza, Baharanyi. Nyuma ya iyo pointi unaandika nini?

– Cafe, akajibu Baharanyi. Asumini pointi cafe. Ni vile aliniambia.

– Cafe? Na com iko wapi?

Asumini akaacha kupepea makaa.

– Ile ya com ilishakamatwa na mutu mwingine, Papa. Nikapata hii ya cafe. Asma alinisaidia kuiandikisha. Ni yangu, na jina yangu iko ndani.

Ubao ule ulikuwa na safari. Saa sita mchana ulitakiwa kupanda boti ya Bukavu, ambako Asma, mdogo wake Asumini, alikuwa amepata meza kwenye maonyesho ya siku tatu. Mwaka uliopita walikwenda bila anwani yoyote. Watu walikunywa, wakasifu, wakauliza watampata wapi, naye Asumini akawajibu waje tu Goma waulize. Mama mmoja mwenye hoteli alikuja kweli. Alizunguka siku mbili akiuliza kahawa ya tangawizi, akaonyeshwa akina mama kumi na moja, wote wana tangawizi, akarudi kwao na mfuko mtupu. Asumini alizipata habari hizo mwezi mmoja baadaye, na tangu hapo hakuna aliyemsikia tena akisema neno "waulize".

– Sikiliza, mama, akasema Duane. Miye nimepita Kasindi, nimepita Bunagana, nimepita fasi zingine ata Mungu hajue jina yake. Kwa kila barriere banauliza document. Com ni document. Gari bila plaque ya namba banaisimamisha. Mutu wa Bukavu akiona cafe atasema, hii ni fraude, hii ilipita porini usiku.

– Lakini inafunguka, Papa. Nimeifungua miye mwenyewe.

– Ata fraude inafungukaka. Wahenga balisema, kuku mugeni hakosi kamba mguuni.

– Sasa kamba ni nini apo? akauliza Batri.

– Kamba ni cafe.

– Na kuku?

– Kuku ni Asumini.

Asumini alimtazama juu ya birika.

– Nasema na heshima, akaongeza Duane, akasogeza kikombe chake mbali kidogo na birika.

Batri alikuwa anatikisa kichwa tangu mwanzo, kama mganga anayesikia daktari akikosea.

– Shida haiko document, Papa. Shida ni moto ya telefone. Com iko na herufi ngapi? Tatu. Cafe? Ine. Kila herufi inakula mega, inakula na batri. Mutu atatafuta Asumini, atafika kwa f, telefone inazima. Miye njo fundi, naona. Juzi mama moja aliniletea telefone imekufa kabisa. Nikamuuliza, mama, ulikuwa unafungua nini? Akasema, pointi africa. Herufi sita! Nikamupa pole kama mutu wa matanga.

– Ile telefone iliingia maji ya ziwa, akasema Lisansi. Nilikuwa apo wakati ulikuwa unaikamua.

– Iliingia maji juu ya nini? Juu ilikuwa nzito. Ikamuponyoka kwa mukono, pa! ndani ya ziwa. Uzito ya herufi.

Lisansi alisimama. Akisimama Lisansi, vikombe huwekwa chini, maana mikono yake huhitaji nafasi.

– Bandugu, tunaongea bila méthode. Pointi ni nini? Pointi ni borne, ile jiwe ya mupaka wa parcelle, wa kiwanja. Mbele yake ni jina ya mwenye nyumba. Nyuma yake ni quartier, mutaa. Com ni centre-ville, katikati ya muji, zamani ilijaa, hakuna tena fasi ata ya kupanda kitunguu. Sasa banagawa quartier mupya. Cafe, sijue duka, sijue nini. Udongo ya huko ni gani? Ni lava yenye haijapoa! Unajenga leo, kesho nyayo inaungua.

– Lisansi, akasema Asumini polepole, weye unalala juu ya nini?

– Namna gani?

– Nyumba yako. Iko juu ya nini?

– Juu ya lava.

– Na inasimama?

– Inasimama. Lakini ni ya kupanga.

– Na centre-ville yenyewe, ile mwaka volkano ilishuka, haikupita ndani?

Duane alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mtu mwingine angekaa. Lisansi hakukaa. Diploma haimruhusu mtu kukaa akiwa ameshindwa.

– Muzuri sana. Njo apo nilikuwa nafika. Internet ya kuenda Bukavu inapita wapi?

– Kwa hewa, akasema Batri.

– Chini ya ziwa! Na chini ya ziwa kuko nini? Kuko gaz. Neno likipita kule, gaz inapanda, inapasuka, inakata mukia. Unaandika cafe hapa, Bukavu banapata caf. Siku gaz ni mingi, banapata ca. Nani atanunua kitu kwa ca?

– Aa, akasema Batri, na uso wake ukawa wa mtu aliyeelewa mambo mengi kwa mara moja. Njo maana ujumbe wa shemeji yangu unafikaka nusu.

– Dawa ni moja tu. Ongeza mukia. Andika cafe, tena cafe, tena cafe. Gaz ikate yenye inataka, kitabaki kitu. Penye miti hapana wajenzi.

– Iyo methali inaingilia wapi? akauliza Duane.

– Inaingia.

Duane alifikiri. Alikunja vidole kimoja kimoja kama anavyofanya akihesabu magunia yaliyokwama Kasindi.

– Miye niko na njia ya katikati. Mufanyabiashara mwenye akili hasafiri na karatasi moja. Anabeba zote, akifika kwa barriere anatoa yenye banataka. Andika asumini pointi cafe pointi com pointi cd. Mwenye kupenda com, ataona com. Mwenye kupenda inchi yake, ataona cd.

– Papa, akasema Asumini, hiyo si anwani. Hiyo haifungue popote.

– Haifungue, lakini hakuna mutu atairudisha nyuma.

Baharanyi, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa na brashi hewani, alipima ubao kwa shubiri.

– Ubao ni mètre moja. Cafe inaingia. Com inaingia kwa kuibana. Cd nitaiandika kwa shati yako, Papa, uende nayo Bukavu.

Simu ya Asumini ikalia. Alikuwa Asma. Hatukusikia alichosema, tulisikia tu majibu. Ndiyo. Hapana, haijakauka. Ndiyo, najua boti haingojeake. Alipokata, hakurudi kwenye makaa. Alisimama akautazama ubao, akatazama ile nukta, ambayo ilikuwa imeanza kukauka peke yake.

– Ninyi munacheka, akasema. Lakini kama ni kweli? Kama batu ba Bukavu bataogopa hiyo cafe? Batakunywa tena, batasifu tena, halafu bataniachilia tena. Mwaka muzima ingine.

Wajumbe watatu walikuwa wameshinda mjadala, na sasa hawakujua wauweke wapi ushindi wao.

– Futa, Baharanyi. Acha KAHAWA YA ASUMINI ya juu. Hiyo ya chini ufute yote, na pointi yake. Andika tu Goma.

Baharanyi alichukua kitambaa, akakimwagia petroli. Harufu yake ikafunika tangawizi.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amefika na chukudu yake. Alishuka kutoka Kibumba na magunia mawili ya viazi juu ya ile baiskeli ya mbao isiyo na minyororo, akaiegemeza kwenye mwamba, akakaa mwishoni mwa benchi apate pumzi. Alisema anaitwa Niyigena, akaomba kahawa. Asumini alimpa bila kumtazama. Mama yule alikunywa, akatazama kitambaa, akatazama wanaume.

– Munisamehe, miye ni mugeni. Huyu mama banamukataza nini?

– Hatumukataze, mama, akasema Duane. Tunalinda biashara ya mutoto wetu. Kwa telefone, jina ikiishia na kitu batu hawajue, hakuna mwenye ataifungua. Batu banaangaliaka kwanza mwisho.

– Kumbe, akasema Niyigena. Akanywa tena. Papa, leo asubuhi weye ulifungua nini kwa telefone?

– Masomo ya misa. Kila siku, mbele ya chai.

– Na weye, ndugu?

– Mupira, akasema Batri.

– Matangazo ya kazi, akasema Lisansi kwa sauti ya chini.

– Na iliishia na nini?

– Nini?

– Ile ya misa. Nyuma ya pointi kuliandikwa nini?

Kila asubuhi kwa miaka miwili Duane alikuwa ameingia mlango ule ule, na hakuwahi kusoma kilichoandikwa juu yake.

Batri ndiye wa kwanza kutoa simu. Aliisogeza karibu na pua.

– Yangu inaishia na... live.

– Herufi ngapi? akauliza Asumini.

– Ine.

– Na telefone ilizima?

Batri alisugua kioo kwa shati, labda herufi moja ingetoka. Lisansi naye alitazama yake, akaigeuza, akaitazama tena.

– Xyz, akasema. Ata si neno. Ni mwisho tu ya alfabeti.

– Papa? akasema Niyigena.

Duane alikuwa amekwisha kuitia simu yake mfuko wa ndani wa koti.

– Kwa Mungu hakuna pointi.

– Leta, Papa, akasema Asumini, akanyoosha mkono.

Alimpa, kama mtu anayetoa gunia lisilo na risiti. Asumini alisoma, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya Asma, mashavu yake yakapanda.

– Online. Papa Kataliko! Miaka mbili unasali kwa fraude.

– Miye sikuwahi kuona, akasema Duane, na kweli hakuwa anatania. Nawaapia, sikuwahi kuona.

– Utaona namna gani? akasema Niyigena. Ulikuwa unafuata misa. Huyu anafuata mupira. Miye kama batu banapenda viazi yangu, sijawahi kusikia mutu anauliza chukudu ilikatwa kwa muti gani.

Asumini aligeuka.

– Baharanyi, acha kitambaa.

– Ata sijagusa, akasema Baharanyi. Nilikuwa nangoja mumalize.

Akaandika. C, halafu a, halafu f, halafu e, polepole, ulimi nje, na hakuna mjumbe aliyekohoa. Asumini hakungoja rangi ikauke. Aliita pikipiki ya kwenda bandarini, akapanda nyuma, akaushika ubao kingoni kwa vidole, upande wa maandishi, wenye rangi bado mbichi, ukiangalia nje, ili usimguse nguo wala usiguse mtu. Barabara nzima ilikuwa inausoma kabla Bukavu haijausoma. Pikipiki ilipoanza kwenda, Duane aliinua birika, akalitikisa, akasimama juu ya benchi.

– Asumini! Kahawa imekwisha!

– Agizeni! akajibu bila kugeuka, na vumbi likammeza.

Wanaume watatu walitazamana. Kisha Batri akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na wengine wawili wakainama juu yake mpaka vichwa vikagusana.

– Inafunguka, akasema Batri. Kuko picha yake. Kuko na birika.

– Na batri iko ngapi? akauliza Lisansi.

– Makumi tisa.

– Na mukia?

– Yote iko. Haikukatwa.

– Basi agiza, akasema Duane, akiketi kwa fahari ya mtu aliyelipendekeza jambo hilo tangu asubuhi. Pakiti tatu. Hapana, ine, na moja ya mama Niyigena.

Batri alibonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena. Kisha akainua macho.

– Inauliza anwani yetu ni gani.

Duane alimtazama Lisansi. Lisansi alitazama barabara isiyo na jina, nyumba zisizo na namba, mawe meusi ambayo kila mtu ameyajengea alivyoweza. Mikono yake ikapanda, ikakaa hewani, ikashuka.

– Bado inangojea, akasema Batri.