Maestro Huingia wa Mwisho

Benchi letu la hapa mtaani Gulfton, ughaibuni, liko mlangoni mwa chumba cha mashine za kufulia, kwa hiyo nikisubiri nguo nasikia mengi nisiyoyahitaji. Jumamosi ile ya 2018 niliwakuta wataalamu watatu wakimaliza chupa yangu ya kahawa. Majaliwa ni Profesa, kwa sababu ya video anazotazama. Kerubo, dereva wa teksi, ni Breki, kwa kuwa mdomo wake hauna. Déo, kiongozi wa kwaya ya Wakongomani, alikuwa amejipa mwenyewe jina la Maestro, baada ya kutazama video ya maisha ya mzee Brunelleri, mwongoza okestra wa Italia. Mkononi alishika kijiti cha kulia tambi, ndiyo fimbo yake ya kuongozea.

— Déo, mazoezi si saa kumi, na sasa ni kumi na nusu?

— Saa kumi, Mama Zoé. Lakini maestro haingii wa kwanza. Brunelleri anaingia wote wamekaa, wametulia. Bon, watatuma mtu kuniita.

— Mtoto wa mwoka mikate yule, akasema Profesa. Alianza na selo, ile fidla kubwa, akaiacha. Miaka hamsini hajagusa chombo, na tiketi zinaisha!

— Kupunga mikono tu? akasema Kerubo. Mimi napunga kila siku kwa highway, na sijapigiwa makofi.

— Debe tupu haliachi kuvuma, ndugu yangu, akasema Profesa. Mkubwa hunyamaza.

— Marguerite wa ghorofa ya tatu, wanakofanyia mazoezi, asikusikie ukiita kwaya yao madebe, nikasema.

— Brunelleri anaongoza bila karatasi, akasema Déo. Nota zote kichwani!

— Macho mabovu, huyo. Karatasi haioni.

— Hapana, Breki, akasema Profesa. Ile fimbo ina waya ndani. Ndiyo maana wapiga fidla wanashtuka pamoja. Waitaliano wameficha siri hiyo!

— Déo, kijiti chako ume-charge? akauliza Kerubo.

Déo hakucheka.

— Wiki jana wanakwaya walinicheka hivyo hivyo. Leo wakinikosa watajua uzito wangu. Wasiponiita, mimi ni nani pale?

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, Profesa akamfariji, sijui kwa vipi.

Hapo akashuka Scholastique, mpangaji mpya, na kapu la nguo.

— Jambo, wababa. Ile kwaya ya kwa Marguerite inaimba muzuri tangu saa kumi. Nani anaiongoza?

Mashine yangu ikasimama. Kutoka ghorofa ya tatu sauti zote nne zikatushukia, hakuna iliyopotea.

Hata Breki alishika breki.

Déo akachukua kijiti chake, akakoroga kahawa. Sukari sikuwa nimeleta.