Bega la Kushoto la Fundi Futi

Mkasi ulianguka kwenye sakafu ya saruji, ukalia mara moja, ukanyamaza. Marehemu alikuwa na miaka kumi na mitatu, amekaa kizingitini mwa kibanda cha cherehani cha baba yake, anamalizia hesabu za shule. Alipoinua macho aliona miguu ya baba yake imelala chini ya meza ya kukatia. Mlio ule aliubeba nusu karne. Hata kijiko kikianguka jikoni, alikuwa anatulia kwanza, anasikiliza kama kila mtu nyumbani anapumua, ndipo anaendelea kula.

Ndugu, jamaa na majirani, huyo ndiye Fundi Futi mliyekuja kumsindikiza leo.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mama aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba. Alizaliwa mdogo, na kwa kuwa nguo za kitoto zilikuwa bado hazijakauka, mkunga alimfunga katika kipande cha flana kilichobaki kwenye pajama za mteja. Alipenda kusimulia kwamba aliingia duniani amevaa nguo ya watu, na mwenyewe hajawahi kuja kuidai.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 na kumaliza la saba mwaka 1974. Hesabu alizipenda kupita kiasi. Lakini Jumanne ya tarehe 17 Septemba mwaka huo, wiki chache kabla ya mtihani, ndipo mkasi ulipoanguka. Baba yake alikuwa na miaka arobaini na tisa. Wiki nzima alikuwa akilalamikia kiungulia, akinywa maziwa ya mkewe kukituliza, na akikwaruzana naye kwamba siku hizi anatia maji. Mtihani marehemu aliufanya, akafaulu, lakini Januari 1975 hakwenda popote. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, miguu ikafika kwenye pedali kwa shida, akaanza kushona.

Alishona kwa miaka arobaini na tisa katika chumba kilekile, kati ya fundi viatu na duka la madaftari. Kilikuwa na dirisha moja, taa iliyoning'inizwa kwa waya juu ya meza, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na rafu ya madaftari ya vipimo. Humo ndimo alimoandika viuno, vifua na mikono ya watu wa mtaa mzima, jina na tarehe. Jina la Futi lilitokana na futi kamba iliyokaa shingoni mwake hadi kwenye harusi, akiwa bwana harusi.

Kuhusu harusi hiyo: mwaka 1986 msichana mmoja mpiga chapa alileta gauni lipunguzwe. Fundi akampima kiuno, akaandika. Akampima tena, akafuta. Mara ya tatu yule msichana akamuuliza, "Fundi, mimi ni mtu au ni pazia?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa watoto watatu. Tangu siku hiyo hadi wiki iliyopita alimwita "mama watoto" mbele za watu, na "Pazia" walipokuwa wawili.

Kaka yake, dereva wa lori, alifariki Ijumaa, tarehe 2 Julai 1999, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Wiki tatu kabla alikwenda kung'oa jino kwa sababu taya la kushoto lilimuuma kila alipopakia mzigo. Daktari wa meno alimwonyesha jino lenyewe: jeupe, zima, halina hata doa. Kaka alilitia mfukoni akacheka, akasema ameng'olewa asiye na hatia.

Baada ya mazishi hayo marehemu alikwenda kumwona muuguzi wa zahanati, ambaye leo ni mama wa miaka themanini na amekaa pale mbele. Alimuuliza swali moja: kwa nini mmoja aliumwa tumbo, mwingine jino, na wote wakafa kwa moyo? Mama huyo akamjibu, "Moyo hauna mdomo wake. Unaazima. Ukiutafuta kifuani peke yake utachelewa, na ukitaka kuulinda, lazima uulinde mwili mzima: unachokula, unavyolala, unavyotembea, na hasira unazozilea."

Hilo fundi alilielewa mara moja. Alisema ndivyo lilivyo koti. Likivuta kifuani, fundi mjinga anahamisha vifungo. Fundi mwenye akili anatazama mgongo, kwapa na pindo.

Siku ileile aliacha sigara. Chupa ya chumvi aliitoa mezani akaipandisha juu ya kabati, mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika bila kigoda. Baiskeli alimpa fundi viatu, akaanza kwenda kazini kwa miguu, kilomita nne asubuhi na nne jioni. Mboga zilizidi ugali kwenye sahani yake, na nyama ikawa ya mgeni. Saa tatu usiku alikuwa kitandani, na ugomvi wowote wa dukani aliumaliza kabla hajafunga mlango, hata kama ni kumfuata mteja kwake kumwomba radhi. Kila mwaka alipima presha, na kila mwaka ilikuwa nzuri. Kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na tatu mwaka 1999. Mwaka huu kilikuwa inchi thelathini na tatu. Alitaka jambo moja tu, na hakulificha: uzi ule ukatike kwake, watoto wake wafe kwa kitu kingine, wakiwa wazee.

Na hakuwaacha watu wengine wapumzike. Mtu ambaye kiuno chake kilipanda ghafla kwenye daftari hakushonewa mpaka amekwenda zahanati. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alifoka siku moja, duka limejaa.

"Futi, nishonee suruali! Nani kakuajiri unipime roho?"

"Mwalimu, inchi nne kwa mwaka mmoja, na hizi ngazi tatu tu umezipanda unahema kama umesukuma gari. Nenda kapime. Kitambaa chako hakiozi."

"Na nisipokwenda?"

"Basi nikushonee ya kuzikiwa kabisa. Ile haina haja ya mkanda."

Mwalimu aliondoka amenuna, akapima, akalazwa siku hiyohiyo. Sasa ana miaka sabini na mmoja. Jana ndiye aliyebeba viti.

Maradhi ya marehemu yalianza Novemba mwaka jana, na nyumba nzima iliyaona. Bega la kushoto lilimuuma. Fundi gani haumwi bega? Alipandisha meza ya cherehani kwa vipande viwili vya mbao. Halikuacha. Akabadilisha kiti. Akahamishia cherehani dirishani ili asiiname kutafuta mwanga. Kila jioni mke wake alimchua kwa mafuta ya moto, naye anafumba macho na kusema hapo hapo, mama watoto, hapo hapo.

Mwezi wa pili wakiwa wanapanda kilima cha kwenda kwa binti yao, alisimama njiani akashika bega. Wakapumzika, likatulia. Wakaendelea, likarudi.

Mkewe akamuuliza, "Bega gani hilo linauma ukitembea? Unashona kwa miguu?"

"Bega la fundi. Miaka arobaini na tisa limeinamia mashine, liache nalo linung'unike kidogo."

Alicheka, na mkewe akacheka. Kicheko hicho mama hajakisamehe mpaka leo.

Muuguzi alikuwa amekwisha kumwambia, tangu Januari, kwamba presha nzuri haitoshi kwa mtu mwenye baba yule na kaka yule, kwamba kuna vipimo vya hospitali vinavyoutazama moyo wenyewe. Alimwandikia barua. Fundi akachukua miadi. Kadi imekutwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, imekunjwa vizuri: Jumatatu, tarehe 12 Februari. Wiki hiyo alikuwa na mashati mia moja na arobaini ya wanafunzi. Alijiambia kwamba anatembea, anakula vizuri, analala. Mtu aliyewafukuza wenzake dukani waende kupimwa hakuwa na wa kumfukuza yeye.

Alifariki Jumamosi, tarehe 18 Mei 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu. Mke wake alikuwa amempelekea chai, amekaa kwenye benchi la wateja akimenya chungwa. Marehemu alikuwa anakata suruali ya fundi viatu. Alisita katikati ya kitambaa. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Ndipo akafanya kitu ambacho mama anakiona kila akifumba macho: aliushika mkasi kwa mikono miwili, akaulaza juu ya kitambaa taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke, akausukuma mbali na ukingo wa meza. Kisha akashuka sakafuni mwenyewe, akaegemea mguu wa cherehani. Mkewe alimkimbilia na kufanya alichokuwa amezoea kufanya. Alianza kumchua bega. Fundi viatu alikimbia kutafuta gari, likaja, lakini halikuwa na la kufanya.

Siku ya pili, mama aliwaambia waliokuja kumpa pole, "Miezi sita nilikuwa naukanda moyo, nikidhani ni bega."

Na mwanawe wa mwisho aliuliza mbele ya wote, "Babu alivuta sigara na kula chumvi, akaenda. Baba aliacha vyote, akatembea mpaka soli zikaisha, naye kaenda njia ileile. Mimi nitembee ili nifike wapi?"

Muuguzi akamjibu, "Babu yako arobaini na tisa, baba yako sitini na mitatu. Hiyo miaka kumi na minne aliiokota njiani, akitembea. Iliyobaki ilikuwa hospitali. Nilimwambia aende, mwanangu. Nilimwambia tu, sikumshika mkono nikampeleka."

Kijana aligeukia ukutani. Familia haiwezi kusema leo kwamba imefarijika, kwa sababu haijafarijika. Inachoweza kusema ni kwamba Jumatatu wiki ijayo watoto wote watatu wana miadi, na mama yao atawasindikiza mpaka ndani ya mlango. Yule wa mwisho amesema atakwenda kwa ajili ya mama tu.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja ambaye ndiye anayeyasoma haya, wana wawili, wajukuu wanne, shemeji yake mjane wa kaka yake, na madaftari thelathini na moja ya vipimo ambayo muuguzi ameomba yasitupwe. Suruali iliyokatwa nusu bado iko mezani. Fundi viatu amesema ibaki hivyo.

Sasa na upumzike mwili wake wote kwa pamoja, kichwa na kifua na miguu iliyotembea sana, mikononi mwa Aliyeushona.

Mama ameomba neno la mwisho liwe la marehemu mwenyewe. Pale sakafuni, mkewe akiwa bado anachua, alifumbua macho akamtazama. Alisema kwa sauti ndogo sana, sauti ya wawili:

"Tosha, Pazia. Limeacha kuuma."