Picha ya Wenye Boma

Mjini Homa Bay, mwaka wa tisini na nne, mambo yaliyoshinda ofisi yaliletwa kwenye benchi la Abdullah, na hapo yakaharibika zaidi. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa duka la vipuri vya baiskeli, kwenye kona ya barabara ya soko. Abdullah, mtu wa Isiolo, aliuza kahawa chungu kwa vikombe vidogo visivyo na mkono. Wenyeji wa ubao huo walikuwa watatu. Wa kwanza Caleb, aliyeitwa Hotuba, kwa kuwa hapakuwa na mazishi upande huu wa ziwa ambayo hakushika kipaza sauti. Wa pili Ken, aliyeitwa Waya, fundi wa redio. Wa tatu Werema, mpigapicha, Mkuria kutoka upande wa Migori, naye aliitwa Kitambaa kwa ajili ya kile kitambaa cheusi alichojifunika kichwa kila alipoiinamia kamera yake kubwa ya mbao. Siku hiyo Werema alikaa mwisho wa ubao, kahawa yake imepoa mkononi, na alitamani wazungumzie kitu kingine chochote.

— Nimeiona hiyo picha na macho yangu, alisema Caleb. Naftali ameifanya kubwa, ametia fremu, amefunga na gazeti kama zawadi. Wenye boma wote wako hapo kando ya sanduku. Nyar Kendu hayuko.

— Hayuko kabisa? aliuliza Abdullah.

— Nimekuambia hayuko. Kuna kiwiko tu, huku mwisho. Na kiwiko si mtu.

Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu, ndivyo walivyomwita Truphena, mjane wa Zablon. Zablon alizikwa mwezi wa nne huko Lambwe, na kabla udongo haujakauka, ndugu yake Naftali, mwenye lori la samaki linalongoja mashua za kisiwa cha Remba, akaanza kulipima shamba kwa hatua. Alidai Truphena alimwacha Zablon zamani, kwamba alikuja mazishini kama mgeni mwingine yeyote, na kwamba wenye boma walipoitwa kusimama kando ya jeneza, yeye hakuwamo. Siku hiyo, saa nane mchana, baraza la wazee wa mashamba lingeketi kwa D.O., mkuu wa tarafa, kusikiza maneno hayo. Ushahidi wa Naftali ulikuwa mmoja tu, ile picha. Wazee wakiiamini, Truphena angetoka kwenye nyumba aliyoishi miaka kumi na mmoja, arudi Kendu Bay na watoto wawili na mabegi.

Na picha ilikuwa ya Werema.

— Mimi nasema ni lenzi, alisema Ken. Hiyo lenzi ya shaba ni ya zamani sana, imechoka. Mtu akisimama kando, haimfikii.

— Haijachoka, alisema Caleb. Hiyo lenzi ilitoka kwa studio ya Migori, ile ilikuwa inapiga watu picha za kipande, kile cheti cha kupita, wakati wa mkoloni. Si ndiyo, Kitambaa?

— Ndiyo, alisema Werema.

— Basi. Imezoea kuchagua watu. Huyu apite, huyu asipite. Miaka arobaini inafanya hiyo kazi. Unadhani imesahau?

Ken alicheka, na Werema akajilazimisha kucheka pia, kicheko ambacho hakikufika popote. Alimtazama Ken, na Ken akaangalia vidole vyake vilivyoungua kwa risasi ya kulehemu. Maana katika benchi lile, wawili walijua ukweli, na huyu Ken alikuwa wa pili.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo wa kuchukiza. Kamera ile iliundwa kwa vipande vya filamu vikubwa, kila kimoja ukubwa wa bahasha, kinachochomekwa nyuma peke yake. Vipande hivyo viliacha kuja. Nakuru hakuna, Nairobi wanakucheka. Ndipo Ken akavunja kamera moja kuukuu, akachukua sehemu yake ya nyuma, akaifunga kwenye ubao, na kamera kubwa ikapata mgongo mpya wa kutumia filamu ya rola, ile ya kawaida inayouzwa kila duka la picha. Ilifanya kazi vizuri. Ila filamu ya rola ni nyembamba. Kile kioo cha ukungu cha nyuma, ambacho mpigapicha hukitazama chini ya kitambaa, kilionyesha mazishi mazima, na filamu ikachukua katikati tu. Wa pembeni walibaki kwenye kioo.

Ken alimwonya. Alimletea hata lenzi nyingine, ndogo na fupi, akaichongea kibao chake, akamwambia hii itawaingiza watu wote ndani ya ile nafasi ndogo. Werema aliikataa. Haikuwa na shaba. Watu wa Homa Bay walilipenda lile jicho kubwa linalong'aa, walijipanga mbele yake kwa heshima, na Werema naye aliipenda ile heshima kuliko alivyopenda picha. Kwa hiyo, baada ya kukata watu katika picha za kwanza, alichora mstatili wa penseli katikati ya kioo, ajue mwisho wa filamu ni wapi, na alipopiga makundi alirudi nyuma mpaka wote waingie ndani ya mstari.

Halafu kabla ya mazishi ya Zablon, kwa kuwa yalikuwa mazishi makubwa, alikisafisha kioo kwa sabuni. Alitaka kiwe kizuri. Mstari ukaondoka na uchafu, na huko Lambwe, jua la saa saba likimchemsha kichwa chini ya kitambaa, aliwaona wenye boma wote wameenea vizuri kutoka ukingo hadi ukingo, akaridhika. Alikosea kama mtoto wa wiki ya kwanza kazini. Tena alikuwa na miaka thelathini na mbili ya kazi.

— Kwa kioo watu wanakaa kichwa chini, alisema Ken, na sasa alikuwa akisema haraka. Abdullah, hiyo hujui. Ukiingia kwa kitambaa unaona watu wamening'inia kama popo, na wa kulia ako kushoto. Sasa na mtu ako na moyo mzito, anaweza kuanguka.

— Kuanguka wapi? aliuliza Abdullah.

— Kutoka kwa picha.

— Waya, wewe ni fundi. Unasema hivyo na akili yako?

— Nasema tu vile watu wanasema.

Caleb aliweka kikombe chini. Alikuwa amepata njia, na sauti yake ikashuka ikawa ile ya makaburini.

— Mimi nitawaambia, na msinitaje. Zablon mwenyewe ndiye alikataa. Mtu akikufa anaona. Aliona huyu mama anasimama hapo karibu na sanduku, akamsukuma. Ndio maana kiwiko kimebaki. Alikuwa anasukumwa.

— Akamsukuma kwa sababu gani?

— Omera, ndugu yangu, Zablon alikuwa mtu wa kilo tisini. Kwa mwaka mmoja akaisha, akabaki mifupa na macho. Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Na chira inaingia boma kupitia mlango, haitoki hewani. Nani alikuwa anafungua mlango?

Werema alijua, na kila mtu kwenye benchi alijua, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa ziwa siku hizo, na kwamba haukuwa na haja ya mwiko wowote. Zablon alikuwa akisafiri na lori la ndugu yake wiki nzima nzima. Lakini neno chira lilikuwa limeshatua kwenye benchi, na kabla ya jioni lingefika sokoni, na mpaka Jumapili lingekuwa limekaa kanisani. Kosa la sabuni na penseli lilikuwa likigeuzwa kuwa dhambi ya mwanamke, hapo hapo mbele yake, na yeye amekaa.

— Si hivyo, alisema.

— Si hivyo namna gani? aliuliza Caleb.

— Filamu ni ndogo. Kioo ni kikubwa. Mimi…

— Kitambaa, Ken alimkatiza, akamshika goti. Fikiria kwanza. Ukianza kusema filamu ni ndogo, kila shule itarudi. Wale wa Asumbi watakuuliza mwalimu wao mkuu alienda wapi. Kwaya nzima ya Rangwe watataka soprano zao. Nani atakupea kazi tena? Na mimi watasema nilitengeneza kitu cha bure.

— Naftali anakutaka kwa arusi ya msichana wake, Caleb aliongeza kwa upole. Desemba. Umesahau?

Hakuwa amesahau. Alikuwa ameshanunua filamu.

— Na hata ukisema, alisema Caleb, wazee watakuuliza swali moja. Kamera inadanganya? Utawajibu nini? Wewe ndiye umetuambia hapa kwa benchi, miaka yote, kamera haina ndugu.

Kweli alikuwa akisema hivyo. Neno hilo alilisema kwa majivuno, akipangusa shaba kwa mkono wa shati. Sasa lilimchoma, na alijichukia, na alimchukia Caleb zaidi kwa kulikumbuka.

— Mimi naona kuna kitu kikubwa hapa, Caleb aliendelea, maana hakuna aliyekuwa akimzuia. Wazungu wenyewe waliacha hizi kamera kwa nini? Walizikimbia. Zilikuwa zinaona sana. Serikali ingekuwa na akili, ingeweka moja kwa kila ofisi ya D.O., mtu akidai shamba anapigwa picha. Akitokea, shamba lake. Akikosa…

Hakumaliza. Truphena alikuwa amesimama mbele ya benchi.

Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi, na mkononi alishika bahasha ya kaki ambayo kingo zake zimelainika. Hapakuwa na mtu naye. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi, ila uso wake ulionyesha kwamba alichosikia kilimtosha.

— Nyar Kendu, alisema Caleb, akainuka nusu. Karibu kahawa, mama. Abdullah, mpatie mama kikombe.

— Asante, sitakunywa. Naenda kwa D.O.

— Mungu akusimamie.

— Wazee wameniuliza kama niko na shahidi. Nimewaambia nitatafuta.

Ken aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

— Sikuja kuwaomba muende, alisema Truphena. Nimesikia mnaongea mambo ya kamera. Mimi kamera siijui. Japuonj Caleb, mwalimu wetu, wewe ulishika maiki hiyo siku, wewe ndiye uliita wenye boma. Fundi, wewe ulileta spika, ulikuwa karibu na mimi kama hapa mpaka pale. Na wewe, mzee Werema, ulituangalia mpaka tukachoka na jua. Sasa mimi nauliza tu. Nilisimama wapi?

Swali lilikuwa jepesi. Abdullah, ambaye hakuwahi kufika Lambwe, aliwatazama wale watatu akingoja jibu, kwa sababu alidhani litatoka mara moja.

Caleb alikohoa.

— Unajua, mama, siku kama hiyo watu ni wengi. Mtu akiwa na kazi ya maiki…

— Uliniita kwa jina, japuonj.

Caleb akaketi.

— Mama, alisema Werema. Ile filamu, unaona, si sawa na kioo. Kioo kinaonyesha kubwa, lakini filamu inachukua katikati. Nilikuwa nimeweka mstari, sasa mstari…

— Sijakuuliza filamu, mzee. Filamu haikuja mazishi. Ni wewe ulikuja.

Alingoja. Aliwapa muda wa kutosha, mrefu kuliko heshima inavyodai, akimtazama mmoja mmoja bila hasira. Kisha akaihamishia bahasha mkono wa pili, akavuka barabara, akapita mbele ya maduka kuelekea ofisini kwa D.O.

Werema alimfuata kwa macho. Alijua jibu kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa amemwona kwenye kioo kwa dakika kumi nzima, kichwa chini, wa kwanza kwenye safu ya wenye boma, ukingoni kabisa, upande wa kichwani mwa jeneza, mkono mmoja juu ya bega la binti yake na mwingine umeshika kifuniko. Alimkumbuka kwa sababu wengine wote waliitazama kamera, na yeye peke yake alimtazama marehemu.

— Alikuwa wa kwanza, alisema. Kichwani. Ameshika sanduku.

— Sasa unatuambia sisi kwa nini? alisema Ken.

— Si mimi nilimwambia asimame mwisho, alisema Caleb. Ni Naftali aliwapanga.

Abdullah aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya wateja wake, lakini sasa aliuliza.

— Hilo baraza ni saa ngapi?

— Saa nane, alisema Ken.

— Sasa ni saa saba na nusu. Na hapo kwa D.O. hata nikipiga kelele wananisikia.

Hakuna aliyeinuka. Werema alizikaza nyayo zake chini, kama mtu anayetaka kusimama, kisha akazilegeza. Aliifikiria Desemba. Alizifikiria shule, na kwaya, na lile jicho la shaba ambalo hakuna mtu angejipanga mbele yake tena. Alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni, na aliendelea kukaa.

Mwishowe Caleb alinyoosha kikombe chake.

— Ongeza kidogo, Abdullah.

— Imekwisha, alisema Abdullah, akalifunika birika, na mvuke ukaendelea kutoka mdomoni mwa birika.